Kizuwa cha Kwemkole

Amani,
12 Februari 1950

Kwa Mama Mkubwa Dorkasi,

Shikamoo. Najua barua hii itakushangaza, maana mwandiko huu huujui. Mimi ni Asheri, mtoto wa mdogo wako Anjela. Ulipoondoka huku kwenda Tanga nilikuwa na miaka sita. Sasa nina mke, Praxeda, na watoto watatu, na nywele za mbele zimeanza kuniaga. Mchungaji wetu alipokuja Tanga mwaka jana kwenye mkutano alikuona kanisani, naye ndiye aliyenielekeza nyumbani kwako Chumbageni. Alisema baba mkubwa amefariki. Pole sana. Habari ilitufikia kwa kuchelewa, na hata ilipofika hatukuandika. Utusamehe.

Huku hatujambo. Mama hajambo. Migomba ya nyuma imeangushwa na upepo, na mtoto wangu wa pili ameng'oka meno mawili kwa siku moja, anajiona mzee.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Kazi yangu ni katika ghala la mimea mikavu hapa kituoni. Ni nyumba ndefu yenye makabati mpaka juu, na ndani ya makabati kuna karatasi nene, maelfu, kila moja imegandishwa mmea uliokaushwa: jani, ua, wakati mwingine na mzizi. Pembeni pameandikwa umechumwa wapi, na nani, lini. Mingine ilichumwa kabla sijazaliwa. Yote inafungwa katika masanduku ipelekwe Nairobi, nami ni mmoja wa wafungaji.

Jumanne iliyopita nilifungua bahasha kuukuu, nikakuta jina la mahali lililoandikwa kwa wino uliokwisha kuwa kama chai: Kwemkole. Mama Mkubwa, nililisoma mara tatu. Kwemkole ni kwetu, hakuna nyingine. Na juu ya jina hilo kulikuwa na ua. Limekauka, rangi yake imekwenda, lakini jani lina ule mstari mweupe katikati, na kooni mwa ua kuna madoa matatu mekundu kama ya ncha ya sindano. Miaka yote hiyo bila tone la maji, na madoa bado yapo! Nilikaa chini sakafuni. Mzee Kombo, ninayefanya naye kazi, alidhani nimeugua.

Nililijua ua lile. Lilikuwa mlangoni kwa mama nilipokuwa mdogo, la manjano, tukiliita kizuwa, kijua kidogo. Nalikumbuka hilo, kisha nakumbuka siku moja palepale pana shimo.

Nimemwuliza mama. Aliinuka akaenda kukata kuni. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Je, unalikumbuka?

Ni mimi mwanao,
Asheri


Chumbageni, Tanga,
3 Machi 1950

Mwanangu Asheri,

Marahaba. Nimefurahi kujua una watoto. Mwambie huyo wa meno asiyatupe ovyo. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yananisumbua nikishuka ngazi za kanisa. Huku ni joto lisilosemeka, hata usingizi wa mchana haupatikani. Nashona nguo za watoto na za akina mama kidogo kidogo, siku zinakwenda. Msalimie Praxeda. Mama yako msalimie, ukiona inafaa.

Kuhusu ua unaloniuliza, mimi silikumbuki vizuri. Wazee walikuwa na maua mengi, na ni miaka mingi sasa. Huenda ni lingine unalichanganya. Ila madoa yake si matatu kama ulivyoandika, ni matano, na lile la katikati limerefuka mpaka karibu na ukingo. Ukilitazama asubuhi jua likiwa upande utaliona.

Kazi hiyo ya makaratasi ni njema. Usiinamie sana, utaharibu macho.

Mama yako mkubwa,
Dorkasi


Amani,
30 Machi 1950

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na pole kwa joto. Huku mvua imeanza na ukungu hauondoki mpaka saa nne. Praxeda anakusalimu, anasema siku moja atakutumia viazi. Mama hajambo.

Nilipopata barua yako nilikwenda moja kwa moja ghalani, nikaazima kioo cha kukuzia cha Bwana wetu, Mzungu msimamizi wa ghala. Ni matano. Mawili yalikuwa yamefichwa na mkunjo wa ua. Na la katikati ni refu, limefika karibu na ukingo, kama ulivyosema.

Mtu asiyelikumbuka vizuri hawezi kujua hivyo. Tena uliandika "ukilitazama asubuhi". Sitauliza zaidi ya hapo, utasema ukipenda.

Lakini nikwambie aliyonisomea Mzee Kombo. Yeye alisoma shule ya Wajerumani hapo Tanga, na Kijerumani hakijamtoka. Tulisogeza karatasi dirishani akaisoma polepole, kidole hakigusi: "Novemba 1893. Kwemkole, kando ya kijito, kivulini. Ua la manjano. Ulionekana mmoja tu."

"Mmoja tu?" nikamwuliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa. Na tangu hapo, Asheri, hakuna karatasi nyingine ya mmea huu. Nimetafuta kabati zima. Watu wamepita misitu hii miaka hamsini na saba, hakuna aliyeuona tena."

Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kitu kilichoonekana mara moja tu duniani, nikijua kwamba nimewahi kucheza gololi kando yake.

Hapo kwenye karatasi lipo jina la Mzungu aliyechuma. Majina ya waliombebea mizigo hayapo. Babu hakuwahi kubeba mizigo ya Wajerumani?

Mama hajui kwamba nakuandikia.

Asheri


Chumbageni,
19 Juni 1950

Mwanangu Asheri,

Salamu zako zilifika na mvua, nazijibu mvua imeondoka. Barua yako imekaa chini ya Biblia tangu Aprili. Kila Jumapili naitoa, naisoma, nairudisha. Nina jirani, Bi Muzna binti Humaid, tumetenganishwa na ukuta mmoja miaka ishirini, ananiletea halua na mimi namshonea. Juzi aliniuliza, "Shoga, barua gani hiyo unayoipeleka huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia?" Nikamwambia ni ya mtoto wa mdogo wangu. Akasema, "Basi mjibu. Mtoto ana kosa gani?"

Ua ninalo.

Liko nyuma ya nyumba, kando ya mtungi, pale maji yanapodondoka. Nikiandika hapa naliona.

Uliuliza habari za babu yako. Ndiyo, alibeba. Wakati huo alikuwa hajabatizwa akaitwa Ernesti, alikuwa Shekighenda tu, kijana mwenye mke mpya nyumbani. Alitusimulia mara nyingi. Yule Mzungu alikuwa mkali, hakumvulia kofia mtu yeyote, hata jumbe. Walipofika kwenye kijito cha Kwemkole akasimama ghafla. Baba akadhani ni nyoka. Yule mtu akavua kofia, akapiga magoti kwenye matope, akatazama ua muda mrefu bila kuligusa. Kisha akalikata kwa kisu, mshazari, juu kidogo ya ardhi, akalilaza kati ya makaratasi yake, akaendelea na safari.

Baba alikuwa amepita kijito kile tangu utoto wake na hakuwahi kuliona. Akajiuliza ni kitu gani hiki kilichomwangusha magoti mtu kama yule. Akasema moyoni, mke wangu naye akione. Akatua mzigo, akachimba shina kwa mikono, akalifunga kwenye jani la mgomba. Alichapwa kwa kuchelewa. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, mama yako baadaye, na sote tulijifunza kutambaa kuelekea ua lile.

Sasa lililo gumu. Mama yetu alifariki mwaka 1924, mikononi mwa Anjela. Anjela ndiye aliyemwuguza. Mimi nilikuja mwishoni, mume wangu amepata kazi ya reli, tunahamia Tanga. Nilimwomba mdogo wangu kipande cha mzizi, si zaidi ya kidole. Akanijibu, "Mama kasema lisigawanywe."

"Mama kasema hivyo?"

"Kasema."

Siku ya kuondoka, asubuhi, yeye alikwenda mtoni na wewe. Nikachukua jembe. Nilidhamiria kuchukua kidogo. Kipande kimoja nilikishika mkononi nikasema hiki namwachia, halafu nikakumbuka alivyonikazia macho, nikakitia kapuni pamoja na vingine. Vilikuwa vitatu. Sikuacha hata unywele.

Nilipofika huku nikajua nimekuja kuliua. Joto hili, mchanga huu, upepo wa chumvi! Nilibeba kapu la udongo wa kwetu wenye majani yaliyooza, nikaliweka kivulini. Ilipofika Januari likanyauka lote, likalala chini, likawa kama uzi ulioungua. Nikasema, hukumu yangu ni hii. Sikulimwagilia tena, sikuona sababu. Kisha Aprili, baada ya mvua ya pili, natoka kuchota maji naona kitu kijani kimetoboa ardhi, kidogo kama ncha ya sindano. Nilipiga magoti palepale na nguo yangu safi.

Asheri, hiyo ilikuwa mara ya kwanza, na nimeshaona mara ishirini na tano nyingine, na sijazoea. Kila kiangazi linakufa mbele ya macho yangu, nami nashikwa na hofu ileile. Kila masika linatoka. Likija kufungua mwezi wa kumi na moja, rangi yake ni kama hakuna rangi nyingine iliyowahi kuumbwa. Bi Muzna akiliona husema "Subhanallah", kisha hukaa kimya, na yeye si mtu wa kukaa kimya.

Sasa umejua. Fanya utakavyo na barua hii.

Dorkasi


Amani,
8 Julai 1950

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sote wazima. Mama hajambo.

Barua yako niliisoma nikiwa njiani, nikakaa juu ya jiwe mpaka nikalowa umande. Sijui niandike nini. Nitaandika ninayoyajua tu.

Mama hakulifukia lile shimo. Alituzuia kupita pale. Lilijaa maji ya mvua, likakauka, likajaa tena, mpaka likajifukia lenyewe. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza nani amechimba, akanijibu, "Nguruwe." Watu wote aliwaambia nguruwe mwitu. Jina lako halikutajwa, si kwa wema wala kwa ubaya. Sikuwahi kumsikia akikusema.

Nimekukasirikia siku tatu. Siku ya nne nilikwenda ghalani, nikatazama mwisho wa shina pale chini ya karatasi. Limekatwa mshazari, kama alivyosimulia babu. Mama Mkubwa, umefikiri jambo hili? Yule Mzungu alikata juu, babu akachimba chini, saa ileile. Hili lililolala hapa kabatini na hilo linalokunywa maji ya mtungi wako si maua mawili yanayofanana. Ni mmea mmoja. Kichwa chake kimekufa miaka hamsini na saba, na mwili wake unaishi Chumbageni.

Tangu nilipolifahamu hilo nashindwa kula vizuri.

Masanduku yanaondoka wiki ya kwanza ya Desemba. Likishafika Nairobi, halitarudi huku. Nakuomba kipande kimoja. Nataka kabla ya hapo, japo kwa dakika moja, mwili na kichwa vikae pamoja.

Asheri


Chumbageni,
2 Oktoba 1950

Mwanangu,

Marahaba. Umenisema kwa upole kuliko nilivyostahili. Huku mvua ndogo zinanukia. Mtoto wa Bi Muzna wa kike ameolewa, tumepika siku mbili, vidole vyangu bado vina rangi ya zafarani.

Barua zako tatu nimezipanga mezani, nikaona jambo. Katika kila moja umeandika "Mama hajambo", basi. Huandiki amesema nini, amecheka nini, anakula nini. Kuna kitu unakifunika, na nadhani si hili tu la kwamba hajui unaniandikia. Lakini mimi nani nikulazimishe kusema?

Umeomba kipande. Sitakupa kipande.

Jana nimelichimba. Si wakati wake, lina majani na limeanza kukaza shingo ya ua. Lingeng'olewa Februari likiwa limelala. Lakini masanduku yako hayangojei. Nilichimba mbali, kwa mikono, magoti yananiuma, na kadiri nilivyoondoa udongo ndivyo nilivyozidi kushangaa. Nilikuja na vipande vitatu. Nimehesabu kumi na tisa! Vimeshikana kama vidole vya watu wanaosali. Miaka yote nimekuwa nikitazama majani, kumbe kazi ilikuwa ikifanyika chini.

Bi Muzna alisimama mlangoni akanigombeza. "Bakiza kimoja, Dorkasi! Kimoja tu! Nani atajua?"

Nikamwambia, "Nilichukua lote."

"Sasa utabaki na nini?"

Nilikwenda kunawa.

Kijana wake mkubwa, Yaarub, ana lori, huenda Muheza kila Alhamisi kuchukua machungwa. Atakuletea kapu mpaka pale sokoni, ulikute saa nne. Usiliweke juani hata kidogo. Lipande kivulini, udongo mweusi wa majani, usitie samadi wala majivu. Konokono wanalipenda, wafukuze asubuhi. Majani yakianguka usiogope, na usichimbue kuangalia; kulichunguza ndiko kunakoliua. Mwezi wa kwanza likilala, liache, usilipe maji hata likikuliza.

Mpe mama yako. Usimwambie neno kwa niaba yangu. Sina neno.

Dorkasi


Amani,
26 Novemba 1950

Mama Mkubwa mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Unisamehe kwa kimya cha wiki saba. Nilikuwa sina la kukuandikia ila hofu, nikaona nikuepushe nayo. Watoto hawajambo. Praxeda ana mimba, tunashukuru.

Yaarub alifika kama ulivyosema, kapu kalifunika kwa gunia bichi, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikalipandisha Amani kwa lori la mbao, nimelipakata njia nzima. Majani yalikuwa yamelegea kama nguo iliyoloweshwa. Nikaliweka mlangoni kwa mama, nikasimama.

Mama akatoka na ungo wake. Akaona. Akauweka ungo chini polepole.

"Nani kaleta?"

"Dereva mmoja anaitwa Yaarub."

"Sikuulizi dereva."

Akapiga magoti, akaingiza vidole kwenye udongo, akapapasa mizizi mmoja mmoja mpaka akafika mwisho. Kisha akasema, "Amelizamisha mno. Dorkasi siku zote hupanda kina kirefu."

Mama Mkubwa, nina miaka thelathini na miwili. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina lako kinywani mwake.

Akalipanda mwenyewe. Baada ya wiki majani yote makubwa yakaanguka. Wiki ya pili yakafuata madogo. Mama alitukataza kulizungumzia. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda mbele yake, anaokota konokono. Mimi nilishakata tamaa. Nilikuwa nikilipita bila kutazama. Lakini katikati ulibaki ubua mmoja tu, mwembamba, na siku moja niliona umesimama wima kuliko jana yake.

Juzi, Ijumaa, saa moja asubuhi, Praxeda akaniita kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake. Nilitoka mbio bila shati. Lilikuwa limefungua.

Siwezi kuieleza rangi ile. Nimegandisha maua maelfu kwenye karatasi, nimesoma maneno yaliyoandikwa pembeni, "manjano, manjano, manjano". Kumbe nilikuwa sijui ninachokisoma. Ukungu ulikuwa umetanda kila mahali, miti haionekani, nyumba ya jirani haionekani, na pale mlangoni kuna kitu kinawaka bila moto. Watoto walisimama mstari mmoja, hata yule mdogo hakusogea. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, machozi yanamtoka, hayafuti.

Masanduku yalikuwa yamepigiliwa misumari yote isipokuwa mawili. Nikamwendea Bwana wetu, nikamweleza kila kitu, tangu kijito mpaka Chumbageni. Niliogopa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja: "Mama yako atakubali kulileta hapa?"

Nikamwambia, "Bwana, halisafiri tena. Karatasi ndiyo iende."

Akafikiri. Akaitoa ile karatasi, akaiweka kati ya mbao mbili, akaifunga kwa turubai, akaibeba mwenyewe chini ya kwapa. Mzee Kombo alitangulia na mwavuli. Tulikwenda hivyo mpaka nyumbani, watu wanatoka milangoni kututazama, wanadhani pana msiba.

Mama akaletewa kiti, akakikataa. Bwana akafungua mbao, akaiinamisha karatasi kando ya ua. Jani kando ya jani. Ule mstari mweupe kando ya ule mstari mweupe. Madoa matano na matano. Mzee Kombo alivua kofia yake, na mvua ilikuwa inanyesha.

Mama aliitazama karatasi, akatazama ile ncha iliyokatwa mshazari. Kisha akanyoosha kidole, akagusa hewa, nje kidogo ya ukingo wa karatasi.

"Baba alikuwa amesimama hapa," akasema.

Bwana akauliza nini maana yake, nikamfasiria. Akauliza jina lake kamili. Akatoa kipande cha karatasi, akaandika kwa wino, akanionyesha kabla ya kukigandisha chini ya maandishi ya yule Mjerumani: *Mzizi ulihifadhiwa na Ernesti Shekighenda wa Kwemkole, na binti zake Dorkasi na Anjela.* Halafu akaomba kama anaweza kupewa ua moja likauke kando ya lile la kwanza. Mama akasema, "Achukue ua. Mzizi una wenyewe."

Sasa nalisema lile ulilohisi ninalifunika. Masanduku yakienda Nairobi, na mimi naenda nayo. Nimepewa kazi huko, na Praxeda na watoto watanifuata Januari. Nimemsihi mama aje nasi, amekataa katakata; anasema hawezi kufa mahali asipojua majina ya miti. Nilikuandikia mara ya kwanza kwa sababu ya ua, ni kweli. Lakini pia nilikuandikia kwa sababu mama anabaki peke yake, na hapa duniani hana mwingine ila wewe. Sikuthubutu kuliandika hilo kwa mtu ambaye sikujua alikuwa na nini moyoni.

Yeye mwenyewe hajasema zaidi. Ila jana alimwomba Praxeda karatasi na kalamu, akajifungia. Tulipomwuliza akasema anaandika hesabu za kuku. Mama hana kuku.

Mwanao,
Asheri


Amani,
28 Novemba 1950

Dada Dorkasi,

Shikamoo.

Naandika mwenyewe, mkono wangu unaujua haukunyooka tangu shule. Asheri hajui. Nitaipeleka posta kwa miguu yangu.

Asheri amenieleza habari zako, nasikia magoti yanakusumbua. Yangu pia. Pole kwa kufiwa na shemeji, alikuwa mtu wa kucheka.

Dada, nina neno la kukwambia na nikilizungusha nitalikimbia. Mama hakusema lisigawanywe. Alisema mara mbili, na mara ya pili alinishika mkono: "Mgawie dada yako, anakwenda mbali." Mimi sikukwambia. Wewe ulikuwa unaondoka na mume, na gari la moshi, na mji, mimi nabaki na kaburi la mama na kitanda kitupu. Nikasema angalau hili liwe langu. Nikakudanganya nikiwa nakutazama usoni.

Niliporudi kutoka mtoni nikaona shimo, nililia, na ndani ya kilio nikaona nafuu. Sasa mwenye kosa ni wewe. Watu walipouliza nikasema nguruwe. Asheri anadhani nilikuwa nakusitiri. Sikuwa nakusitiri. Niliogopa wakijua ni wewe watauliza kwa nini, na wakiuliza kwa nini watanifikia mimi.

Miaka ishirini na sita nimejificha nyuma ya kosa lako. Nisamehe.

Sasa limefungua maua matatu. Asubuhi nilikaa mbele yake nikawaza, lingebaki kwangu lingekufa mwaka wa njaa, maana mwaka ule tulichimba kila mzizi tukala. Lilikwenda likaishi mahali lisipoweza kuishi, likarudi kumi na tisa. Mimi sijui kusoma mambo ya Mungu kama wachungaji. Nimetetemeka tu.

Nimehesabu. Kumi ni vyako, tisa vyangu, maana wewe ndiye mkubwa na wewe ndiye uliyevilea. Sitavichimba. Uje uchague mwenyewe, na kama hutaki kuvirudisha huko kwenye joto, basi vikae hapa na wewe ukae. Asheri anaondoka. Nyumba ina vyumba viwili na paa halivuji. Mashine ya kushonea itaingia, nimepima mlango.

Njoo kabla ya Krismasi. Umwambie Bi Muzna namsalimu, na aje kulitazama likiwa kwao.

Lori la kutoka Muheza hufika hapa Alhamisi, mchana. Alhamisi nitakuwa nimesimama njiani tangu asubuhi. Usiposhuka, nitakuja tena Alhamisi inayofuata.

Mdogo wako,
Anjela